Nyavu za planktoni: tusome kabla ya safari

Habari za jioni ndugu zangu. Kabla ya basi la Ijumaa ijayo kwenda Bagamoyo, Jumamosi hii tujaribu bwawani Hombolo nyavu zetu za planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini.

Wavu wa matundu ya mikromita 200 hunasa kopepodi wakubwa (vijidudu vya majini vya jamii ya kamba), lakini watoto wao, naupli, hupenya. Kwa hao chukueni wa 63. Huo huziba upesi, maji yakarudi mdomoni na hesabu ikaharibika. Vuteni polepole, dakika 2 zinatosha. Baharini tutavuta usiku pia, maana wengi hupanda juu giza likiingia.

Kuhifadhi: sampuli mililita 90, formalini (dawa ya kuzuia kuoza) isiyochanganywa maji mililita 10, yenye boraksi. Bila boraksi, asidi ya formalini hula makombe ya konokono wachanga. Glavu ni lazima, tafadhalini.