Mgomba wa nyuma ya zizi

Machame, Kilimanjaro

Mpendwa Ndeshi,

Salamu kutoka kihambani, shamba letu la nyumbani. Sisi wazima, ila mama anasumbuliwa na magoti.

Ulipouliza habari za migomba nilikawia kujibu kwa uchungu. Ule mchare wa nyuma ya zizi, uliotupikia mtori tangu utoto, umekufa. Majani yalianza kuwa manjano, yakavunjika na kuning'inia. Tulipopasua shina tukakuta michirizi ya kahawia. Ni mnyauko wa fuzari. Kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi, hivyo hata ukipanda mchare mwingine palepale hautapona.

Unajua ndizi zetu hazina mbegu. Chipukizi ni mama yake yuleyule, kwa hiyo ugonjwa uliomweza mmoja umeuweza ukoo mzima. Ndivyo Gros Michel, ndizi ya biashara ya zamani, ilivyofagiliwa katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati kufikia miaka ya 1960. Na usishangae: wataalamu wa vinasaba wamegundua kwamba Gros Michel na Cavendish, ndizi inayouzwa zaidi duniani leo, zina damu moja na mchare wetu!

Kilichonifariji ni vichupa. Leuven, Ubelgiji, kuna hazina ya migomba iliyoanza 1985, yenye sampuli zaidi ya 1,500. Huchukua ncha changa ya moyo wa mgomba, huikuza kwenye kichupa chenye chakula kama jeli, katika nyuzi 16 tu ili ikue polepole, na kila baada ya mwaka hivi huhamishiwa kichupa kipya. Nyingine hugandishwa kwenye naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Uhai unasimama humo, na siku ukihitajika unaamshwa, unakuwa mche. Watafiti wanaotafuta mchare wa kustahimili mnyauko, wakiwemo wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, pale Arusha, wanahitaji aina za zamani kama hizo, hata ndizi mwitu zenye mbegu.

Lakini kisichopelekwa hakimo. Ndiyo maana nakuandikia. Ule mgomba wenu wa karibu na mfereji, wenye shina jeusi, aliyeujua jina alikuwa bibi yako, na sasa amebaki mama yako. Tafadhali muulize wiki hii, uandike. Piga picha ya mkungu na ua lake. Chipukizi usilipakie kwenye basi, maana udongo wa mizizi hubeba kuvu. Desemba nitakuja Marangu mwenyewe, tuuone pamoja.

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Aika