Msimchanganye Ida Lupino na mwanamke aliyemwigiza

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu waigizaji wa kike wa Hollywood wa zamani nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Ida Lupino kapewa aya moja. Mnasema alizaliwa London mwaka 1918 katika ukoo wa wasanii wa jukwaani, aking'ara katika studio ya filamu ya Warner Bros. miaka ya 1940, kisha nyota yake ikafifia na akaishia kwenye televisheni, mpweke, akitazama picha zake za ujanani.

Kuzaliwa kwake mmepatia, na Warner Bros. mmepatia. Hayo ya mwisho si maisha yake. Ni maisha ya Barbara Jean Trenton, mhusika aliyemwigiza mwaka 1959 katika The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni wa visa vya ajabu: nyota wa zamani anayejifungia chumbani na mashine ya sinema, mapazia yameshushwa, akijitazama alivyokuwa. Lupino aliigiza vizuri mno, na leo, miaka zaidi ya 60 baadaye, mwandishi wenu kamvisha mwigizaji msiba wa mhusika.

Sasa angalieni. Miaka mitano baada ya kipindi hicho, mwaka 1964, mama huyu alirudi kwenye mfululizo uleule, safari hii akiwa mwongozaji. Katika The Twilight Zone ya awali hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuongoza kipindi hata kimoja, wala hakuna mtu mwingine, awe mwanamume au mwanamke, aliyeigiza akiwa mhusika mkuu na pia akaongoza. Kipindi chenyewe ni The Masks. Tajiri mmoja wa New Orleans yuko kwenye pumzi zake za mwisho, nje watu wanasherehekea Mardi Gras, kanivali ya kabla ya Kwaresima, naye anawaambia binti yake, mkwe wake na wajukuu wawili: mtarithi kila kitu, sharti mvae vinyago hivi hadi saa sita usiku. Yeye mwenyewe anavaa kinyago cha fuvu. Mimi kazi yangu ni kuediti video, harusi na tamthilia, mwaka wa kumi na mbili huu, na nawaambia hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Waigizaji watano hawana nyuso! Hakuna jicho la kukimbilia unapokata kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Lupino akategemea mabega, mikono, sauti za watu wanaonung'unika wakiwa wamekaa kwenye viti vya baba yao wakisubiri afe. Na vinyago vilipovuliwa, sura zilizobaki chini yake ndizo zilezile za vinyago.

Huyo ndiye mnayesema aliishia.

Ujuzi huo hakuupata kwa bahati. Pale Warner Bros. alikuwa mwigizaji wa nguvu. Katika filamu ya High Sierra ya mwaka 1941 jina lake lilitangulia la mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart, na filamu ya The Hard Way ikampa tuzo ya wahakiki wa filamu wa New York. Lakini alikuwa akikataa nafasi alizoona hazina uzito, na studio za wakati ule zilikuwa na dawa ya mwigizaji mkaidi: kumsimamisha kazi bila malipo. Wengine wangekaa nyumbani. Yeye alikuwa akienda kwenye seti za wenzake, akisimama pembeni, akitazama kamera inawekwaje na picha zinaunganishwaje. Mkataba ulipokwisha mwaka 1947 hakurudi tena kuwa mali ya studio.

Mwaka 1949, yeye na mumewe wa wakati huo, Collier Young, walikuwa wakitengeneza Not Wanted, filamu ya msichana aliyezaa nje ya ndoa. Mwongozaji Elmer Clifton akapata mshtuko wa moyo kazi ikiwa imeanza tu. Lupino akaimalizia mwenyewe, na jina la mwongozaji akaliacha kuwa la yule mgonjwa. Iliyofuata, Never Fear, ilihusu mcheza dansi aliyepata polio. Yeye mwenyewe aliugua polio mwaka 1934, hivyo alijua alichokuwa anakisema. Kisha Outrage, mwaka 1950, kuhusu binti aliyebakwa. Sheria za udhibiti za Hollywood hazikuruhusu hata neno lenyewe kutamkwa. Halitamkwi. Kuna binti anakimbia usiku kati ya maghala na malori, hakuna muziki wa kumsindikiza, na mtazamaji hahitaji kuambiwa.

Katika Hollywood ya miaka ile alikuwa karibu peke yake. Dorothy Arzner, mwanamke wa kwanza katika chama cha waongozaji, alikuwa ameshaacha kuongoza filamu. Lupino akawa wa pili kuingia.

The Hitch-Hiker ya mwaka 1953 inapatikana bure kwa sababu haina tena hakimiliki Marekani, na namwomba mwandishi wenu aitazame kabla hajaandika tena. Marafiki wawili wanakwenda kuvua samaki, wanampa lifti mtu, kumbe ni muuaji. Mwanzoni humwoni uso, unaona miguu tu. Halafu ndipo inapokuja ile niliyoirudia mpaka bando likaisha: jicho lake moja halifumbi, hata akilala. Usiku mateka wamelala chini jangwani, bastola imewaelekea, jicho liko wazi, na hawajui kama mwenye jicho yuko macho. Hakuna kinachotendeka hapo. Watu watatu wamelala, basi, na bado mkono unakutoka jasho. Pia wakiwa Mexico, Wamexico wanaongea Kihispania chao bila maandishi ya tafsiri chini, kwa hiyo mtazamaji wa Marekani anabaki gizani pamoja na muuaji. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na mtu anayejua anachofanya.

Mwaka huohuo aliongoza The Bigamist na kuigiza humo humo, pamoja na Joan Fontaine, ambaye alikuwa ameshaolewa na Collier Young, mtalaka wa Lupino. Young ndiye aliyeandika na kutayarisha. Nalitaja hilo kwa sababu magazeti hupenda kuanzia hapo na kuishia hapo, ilhali filamu ilikamilika na ni nzuri.

Je, kwa nini alihamia televisheni? Kampuni yao, The Filmakers, iliamua kusambaza filamu zake yenyewe. Lupino alipinga, akashindwa kwa kura. Usambazaji ukaimeza kampuni. Televisheni ilikuwa inakua, inahitaji watu wanaomaliza kazi kwa siku chache na fedha kidogo, na hiyo ndiyo kazi aliyoizoea. Akaongoza vipindi vya Have Gun – Will Travel, Thriller, The Fugitive, hata Gilligan's Island. Nyuma ya kiti chake cha uongozaji paliandikwa kwamba ni mama yetu sote. Katika Four Star Playhouse, mfululizo wa tamthilia za televisheni, alihesabiwa nyota wa nne pamoja na Dick Powell, David Niven na Charles Boyer, ingawa hisa za kampuni walikuwa nazo wale watatu. Kama mlitaka kuandika habari ya kusikitisha, hiyo hapo.

Neno hili kuishia linanigusa kwa sababu tunalisikia kila siku kwetu. Mwigizaji akitoka kwenye filamu akaingia kwenye tamthilia, mtaani wanasema kafulia. Nimekaa na watu hao usiku kucha tukikata vipindi vya kurushwa kesho yake, na sijaona aliyefulia.

Lupino alifariki Los Angeles tarehe 3 Agosti 1995, akiwa na miaka 77. Naomba mrekebishe aya ile. Na mtakapochapa marekebisho, picha mliyotumia ya binti aliyelaza nywele begani mwiondoe. Zipo picha zake kwenye seti, akiwa kando ya kamera, na wanaume waliomzunguka wanasubiri aseme. Wekeni mojawapo ya hizo.

Msomaji wenu,
Morogoro