Barua kwa mwanangu aliye bwenini

Mwanangu Salimu,

Barua hii anakuletea shangazi yako, pamoja na sabuni na soksi, maana huko simu hamruhusiwi.

Tangu Jumatatu redio haina jingine ila mabweni yaliyoteketea. Ndio muhula wa pili, mitihani ya majaribio imekaribia, na mambo yake ni hayo hayo. Mama yako amekataa kusikiliza. Mimi nasikiliza, kisha nawawaza wale rafiki zako watatu wanaokuita "mtoto wa mama" kila ukikataa jambo.

Najua kiberiti hutawasha. Ila utaambiwa ushike dumu tu, au usimame mlangoni umwangalie mlinzi. Salimu, mshika dumu hushtakiwa pamoja na mwashaji, na kuchoma jengo makusudi adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Kule shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa motoni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Walioshtakiwa ni wanafunzi wenzao.

Ukisikia petroli ikitajwa, ondoka. Ukiulizwa waenda wapi, sema tumbo linakuendesha. Wacha wakucheke. Kisha umwambie mwalimu unayemwamini, usiku huo huo, usingoje asubuhi.

Ni mimi niliyekuambia usijitenge na wenzako. Nilikuwa nasema habari ya mpira.

Babu yako aliwahi kuuza mbuzi wawili kulipia vioo vya bwalo. Nilikuwa kidato cha tatu kama wewe, na chakula chenyewe tulichokigomea wala sikuwa na neno nacho. Niliona wenzangu wameinama kuokota mawe, nami nikainama. Ile hadithi kwamba nilihama shule kwa sababu ya umbali, basi, iache hapo.

Hesabu umepata 71. Nimemwonyesha mzee wa mtaa ile karatasi, na muuza samaki pia. Lakini Kiswahili 48! Kwani hapa nyumbani twaongea Kichina?

Mbuzi amezaa pacha. Bati la jikoni linavuja tena, na fundi amekula pesa ya misumari, hapokei simu. Mdogo wako amevunja pedali ya baiskeli yako. Usimgombeze, ameshalia ya kutosha.

Siku ya wazazi nitakuja mimi, mama yako goti lamsumbua. Kabla ya hapo mpe shangazi jibu, hata mistari miwili. Niambie unalala kitanda gani, na kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua ngapi. Dumu, petroli, usiguse.

Babako