Kabla ya kufunga lango la shule, ulizeni hatimiliki

Kwa Mhariri,

Mwalimu mkuu mpya akitumwa katika shule iliyo chini ya kanisa huku kwetu magharibi mwa Kenya, tusubiri yaleyale: mnyororo langoni, waumini wameshika matawi, wanafunzi wako barabarani na masanduku yao. Kosa lake? Anasali kanisa jingine. Kwa hilo sheria haina kigugumizi. Kifungu cha 237 cha Katiba kimeipa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kazi ya kuajiri na kutuma walimu, na Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa ajili ya imani yake. Mfadhili, yaani kanisa lililo nyuma ya shule, ana haki ya kutoa maoni. Kufuli si maoni.

Mambo ya ibada yenyewe, mengi yanamalizwa na ratiba. Chukua Wasabato, ambao ni wengi kuanzia Kendu Bay hadi Nyamira. Sabato haianzi Jumamosi asubuhi; inaanza Ijumaa jua likitua, na Kisumu jua hutua karibu saa moja kasorobo. Prepu, yaani masomo ya jioni, ikianza saa moja, tayari ni Sabato. Shule inayowapa ruhusa ya kwenda kanisani Jumamosi kisha ikawapigisha magoti kwa kukosa prepu ya Ijumaa haijawapa kitu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba shule zinapaswa kuwapa Wasabato nafasi ya kuabudu. Basi prepu hiyo na majaribio ya Jumamosi yahamishiwe Jumapili alasiri, na orodha ya wanaohusika itiwe sahihi na wazazi muhula unapofunguliwa, asije akazuka Msabato wa siku ya mtihani.

Kuhusu hijabu, wakuu wengine hupenda kutaja uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019 kwenye kesi ya shule ya Isiolo kana kwamba ulipiga vazi hilo marufuku. Haukufanya hivyo. Ombi la hijabu lilitupwa kwa sababu ya jinsi lilivyofikishwa mahakamani, na mahakama hiyohiyo ikaitaka shule ishauriane kuhusu ruhusa maalum za mavazi.

Kigumu ni shamba. Shule nyingi kongwe za huku zilianzia kwenye ardhi ya misheni: Marafiki (dhehebu la Quaker) walifika Kaimosi 1902, Waanglikana wakaanza Maseno 1906. Sheria ya Elimu ya 1968 iliyatoa makanisa kwenye usimamizi, yakabaki wafadhili, lakini hatimiliki kadha wa kadha hazikutoka kabatini mwa wadhamini wa kanisa. Sasa Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge (NG-CDF) inakuja kujenga bweni. Sheria yake ya 2015 hairuhusu fedha hizo kusaidia mashirika ya dini, na kanuni ya kale ya ardhi ni kwamba jengo hufuata shamba. Bweni la umma likisimama juu ya shamba la kanisa pasipo maandishi, siku ya ugomvi kila upande utakuwa na haki nusunusu, na mkaguzi wa hesabu atakuwa na swali ambalo mwalimu mkuu hawezi kulijibu.

Kwa hiyo bodi ya shule ianzie ofisi ya ardhi, si kwa fundi. Ifanye upekuzi rasmi wa nambari ya shamba, ijue jina lililoandikwa na ukubwa wake, kisha mpimaji aonyeshe mawe ya mpaka yalipo. Likiwa la kanisa, kuna njia mbili: mkataba wa muda mrefu wa kukodi, au kupasua shamba ili kanisa na nyumba ya padri au mchungaji zibaki kwenye kipande chao na shule ipate hati yake. Kupasua kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na mpimaji halipwi kwa maombi. Panapoharibika zaidi ni kwenye sahihi. Mchungaji wa parokia huandika barua nzuri ya "kanisa limekubali", yenye mhuri wa zambarau, na bodi inashangilia. Barua hiyo haihamishi hata hatua moja ya ardhi. Wenye shamba ni wadhamini waliosajiliwa, na ni sahihi na lakiri yao inayotakiwa, hata kama ofisi yao iko Nairobi na hujibu barua baada ya miezi minne.

Pesa nazo. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ulipangwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa ilikiri kwamba kinachomudika ni kama Sh16,900. Pengo hilo la zaidi ya Sh5,000 kwa kila mtoto ndilo linalozaa "mchango wa kanisa la shule" na bahasha za sadaka ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu tozo bila idhini ya Waziri, wala kuipokea bila risiti rasmi, na mtoto hafukuzwi kwa kutoilipa. Sadaka ni sadaka. Ikiwekwa kwenye orodha ya karo imekuwa tozo.

Sheria hiyohiyo inampa mfadhili viti vitatu kwenye bodi, lakini inamtarajia achangie fedha na majengo, na kasisi wa shule amlipe yeye mwenyewe. Wazazi wetu sita walio kwenye bodi waombe orodha ya mishahara ya wafanyakazi walioajiriwa na bodi na kuisoma jina kwa jina, wakiuliza kila mmoja anafanya kazi gani. Kasisi akikutwa humo kwa jina la mshauri nasaha, analipwa na mgao uliopaswa kununua chaki na kemikali za maabara. Mfadhili aandikiwe barua, amchukue kuanzia mwezi unaofuata, na kumbukumbu za mkutano zionyeshe tarehe.

Mwanachama wa chama cha wazazi,
Kakamega