Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi: Kukataa Kuwe Kwepesi kama Kukubali

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu kile kisanduku kinachojitokeza karibu kila mtu afunguapo tovuti, kikimtaka akubali vidakuzi (cookies), yaani faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kifaa chake. Kitufe cha kukubali huwa kikubwa na chenye rangi ya kuvutia, ilhali cha kukataa, kama kipo, kimefichwa ndani ya kurasa za mipangilio. Mtu anayetafuta usiku maelezo ya ugonjwa unaomsumbua atabonyeza kilicho karibu, na kampuni itaandika kwamba ameridhia. Hajaridhia, Mheshimiwa, amechoshwa tu.

Kidakuzi chenyewe hakikubuniwa kwa nia mbaya. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alikitengeneza ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake na bidhaa alizochagua kununua. Madhara yalianza pale kampuni za matangazo zilipopenyeza vidakuzi vyao katika tovuti za wengine, zikaweza kumfuata mtu yuleyule kutoka kwenye gazeti hadi dukani, na kutoka dukani hadi kwenye ukurasa wa ushauri wa madeni, kisha zikaunganisha vipande hivyo kuwa wasifu ambao hata jamaa zake wa karibu hawaujui.

Twaambiwa tujilinde wenyewe, na ni kweli kwamba vivinjari kadhaa sasa huzuia vidakuzi vya namna hiyo. Lakini dirisha la faragha la kivinjari (incognito), ambalo wengi hulitegemea, hufuta historia kwenye kifaa tu. Mtoa huduma wa intaneti bado anaweza kujua tovuti zilizotembelewa. Hata aliyefuta vidakuzi vyote anaweza kutambuliwa kwa mchanganyiko wa fonti, ukubwa wa skrini na mipangilio mingine ya kivinjari chake. Mzigo huu hauwezi kuachiwa mtumiaji peke yake.

Wenzako wameshaonyesha kwamba inawezekana. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukataa vidakuzi hakukuwa kwepesi kama kukubali.

Naomba ofisi yako iagize kitufe cha kukataa kiwe kwenye ukurasa uleule wa kwanza, kwa ukubwa uleule. Zaidi ya hapo, na hili ndilo ninalolisisitiza, naomba ishara ya kukataa kufuatiliwa inayotumwa na kivinjari ipewe nguvu ya sheria, ili mtu aseme hapana mara moja na asikike kila aendako. Ishara ya awali, Do Not Track, ilikufa kwa sababu kuiheshimu kulikuwa hiari, na tovuti nyingi zikaipuuza. Iliyoifuata, Global Privacy Control, imepata nguvu huko California kwa sababu sheria inasimama nyuma yake. Mwaka 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika shauri lililohusu, pamoja na mengine, kutoiheshimu ishara hiyo.

Naomba jibu lako litolewe hadharani, likitaja tarehe ambayo agizo hilo litaanza kutumika.

Wako mwaminifu,
Mtumiaji wa intaneti