Swichi usiyoitaka, usiizibe kwa plasta

"Mwanangu, hii swichi miye siitaki tena. Itie plasta tu, kabati langu lipate kukaa." Ndivyo alivyotupokea bi mkubwa mmoja wa Malindi, Unguja, hata viatu hatujavua. Ukuta wenyewe ni wa Mji Mkongwe, mawe na chokaa, na swichi imekaa katikati yake pasipo na sababu. Taa yake iliondolewa zamani, siku lilipowekwa dari jipya. Ukiibonyeza hakuna kinachowaka, kwa hiyo kwake yeye swichi ile imekufa.

Tulizima umeme, tukaifungua. Ndani mlikuwa na mayai mawili ya mjusi kafiri, vumbi la chokaa, na nyaya nne: nyekundu mbili zimebanwa kwenye skrubu moja, nyeusi moja, na kijani ya ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Hizo nyekundu mbili ndizo zinazomfanya fundi asite. Moja inaleta moto, yaani umeme wenyewe, ya pili inaupokea hapo na kuupeleka kwingine. Tulizitenganisha, tukaziziba ncha, tukawasha breka. Taa ya choo na taa ya ngazi zote kimya. Swichi "iliyokufa" ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wenzake.

Ndiyo maana hatukubali kazi ya kupaka plasta juu, hata mwenye nyumba akisisitiza. Swichi ikiwa imezimwa, upande wake mmoja bado una moto wa volti 230 usiku na mchana, taa iwepo isiwepo. Kuta zetu nazo hunywa maji. Masika inapoingia unyevu unapanda, na chumvi ya baharini haina simile na shaba. Kiungo kilichofukiwa humo kinaota kutu ya kijani, kinalegea, kinaanza kupata joto, na hakuna anayekiona. Baada ya miaka anakuja mpangaji mwingine na drili yake, anataka kutundika saa ya ukutani.

Sasa, namna tunavyoiondoa. Jambo la kwanza ni kuuzima umeme kwelikweli, na hapa ndipo tunapoona watu wengi wakicheza. Umeme ukikatika mtaani, mtu anasema, "Haya, sasa hivi hakuna umeme, niimalize." Umeme wa kukatika hurudi bila kupiga hodi. Yuniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zikiisha ni vivyo hivyo: mwanao yuko dukani ananunua nyingine, wewe umeshika waya. Halafu kuna jenereta na inveta. Tangu ile miezi ya giza Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, nyumba nyingi zina chombo cha akiba. Unashusha meni swichi, inveta inadhani umeme umekatika, inawasha taa kwa betri. Kwa hiyo zima breka, zima na hicho cha akiba, na waambie walio nyumbani asiguse mtu.

Kisha hakikisha. Testa ya bisibisi tunatembea nayo lakini hatuiamini peke yake, maana ukivaa kandambili nene inaweza isiwake na moto upo. Tunatumia kipimo cha ncha mbili. Tunakijaribu kwanza mahali tunapojua pana umeme, tunapima nyaya za swichi, kisha tunakirudisha pale pa mwanzo kuona kama bado ni kizima. Dakika mbili tu.

Rangi zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme), kijani kwa ethi. Waya za siku hizi ni kahawia, buluu, na kijani yenye mistari ya njano. Lakini waya mweusi ndani ya swichi mara nyingi si nyutro. Ni moto unaorudi kwenye taa baada ya kupita swichini. Na mara nyingine ni nyutro kweli, fundi aliyetangulia aliipitisha hapo. Ukiunga kwa kukisia, unaweza kupata taa isiyozimika, au shoti ya kukuangushia breka. Kuijua ni kupima tu.

Baadaye inabaki kuamua. Kama taa bado ipo na unataka izimwe kutoka swichi nyingine, kazi ni tofauti na kama taa imeshaondoka. Kwa bi mkubwa, nyekundu mbili tuliziunga pamoja kwenye konekta, kile kifaa cha kubania nyaya kwa skrubu, ili choo na ngazi zipate moto wao. Ile nyeusi tuliikuta juu ya dari ikining'inia, tukaiziba ncha zote mbili, kila moja kwenye konekta yake. Ethi haikatwi. Tepu nyeusi peke yake hatuitumii kwa kazi hii. Kwa joto letu gundi yake inayeyuka na tepu inajifungua yenyewe.

Swichi za ngazini, ile unayowasha chini na kuzima juu, zina waya tatu, na hizo ndizo zinazotesa wanaojaribu wenyewe. Wakiziunga zote tatu pamoja, taa haizimiki tena. Ukitaka kuondoa swichi moja kati ya hizo mbili, waya wa pamoja (ule wa skrubu yenye alama COM) unaungwa na mmoja tu wa wenzake, wa tatu unazibwa, na swichi iliyobaki inafanya kazi kama swichi ya kawaida.

Mwisho boksi linabaki ukutani, linafunikwa kwa kava tupu lisilo na kitufe. Unaweza kulipaka rangi ya ukuta. Bi mkubwa alilipenda kava? Hakulipenda. Alisema linafanana na kiraka cha suruali. Lakini kabati likalificha, na siku fundi mwingine akilihitaji atalisogeza, afungue skrubu mbili.

Kazi yetu inaishia kwenye meni swichi. Mita, sili yake na waya unaotoka nguzoni ni vya ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar. Hivyo hatuvigusi, nawe usiviguse.

Ukitaka tuje, tutumie picha ya swichi ikiwa bado imefungwa, utuambie inawasha nini, kama taa hiyo inawashwa na kwingine pia, na kama nyumba ina inveta au jenereta. Kama swichi ina joto ukiigusa, inanguruma au inanuka, shusha breka yake kabla hujapiga simu. Na kabati usilisogeze ukutani mpaka tufike.