Tunatumiana maneno ambayo hakuna aliyeyaandika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumzie tabia iliyoenea mno katika mawasiliano yetu ya simu, nayo ni ya kutumiana maneno ambayo si mtumaji wala mpokeaji aliyeyaandika. Wengi wanaoilaumu mitandao ya kijamii husema kwamba watu wanashinda wameinamia simu huku walio pembeni yao wakikosa wa kuongea naye. Lawama hiyo ina ukweli, lakini naona lipo zito zaidi: hata pale tunapowasiliana, mara nyingi anayesema si sisi.

Tabia hii huonekana wazi zaidi kwenye misiba. Taarifa ya kifo ikishatolewa katika kundi la WhatsApp, wa kwanza huandika sentensi mbili za kumpa pole mfiwa, wa pili huzinakili na kuzibandika jinsi zilivyo, hata kosa la tahajia likiwa palepale, na wengine hufuata mkondo huohuo hadi mfiwa anabaki na rambirambi nyingi zinazofanana neno kwa neno. Niliwahi kuona mama aliyefiwa na mwanawe akipelekewa ujumbe mrefu uliomwombea pumziko jema “baba yetu mpendwa”, kwa kuwa aliyeutuma aliuchukua kutoka msiba mwingine na hakuusoma kabla ya kubofya. Mama yule aliuona, kundi zima liliuona, na hakuna aliyejua aseme nini. Sidhani kama mtumaji alikuwa na nia mbaya. Alitaka kutimiza wajibu, na simu ikampa njia ya kuutimiza bila kumfikiria mfiwa hata kwa dakika moja.

Kuna wanaosema kwamba kosa ni la ufupi, kwamba ujumbe wa simu umetuzoesha kuongea kwa mkato. Sikubaliani nao. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa na maneno mawili tu ya heri ya Krismasi, na kwa miaka mingi iliyofuata nafasi yetu ilikuwa herufi 160, ambazo zilimlazimu mtu achague la kusema na la kuacha. Anayeandika “Nimesikia, sina la kukuambia, ila niko pamoja nawe” amesema mengi, na ameyasema mwenyewe.

Ukweli ni kwamba kitufe kinachosafirisha pole zisizo na mwenyewe ndicho kinachosafirisha uvumi. Mwaka 2018 watu waliuawa na makundi yenye hasira nchini India baada ya uvumi kuhusu watekaji wa watoto kuzagaa kwenye simu, na kila aliyeupitisha uvumi ule angeweza kusema kwamba yeye hakuutunga. WhatsApp ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, kisha Januari 2019 ikaweka kikomo cha kuusambaza kwa watu au makundi matano kwa mara moja dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe ambao umekwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati, na muda si mrefu kampuni hiyo ikaeleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo umepungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezuiwa kunakili, wala kuandika habari ileile kwa maneno yake. Kilichoongezeka ni usumbufu kidogo tu, na usumbufu huo ulitosha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ujumbe ule ilikuwa ikisafiri kwa sababu ya wepesi wa kidole, si kwa sababu mtu alikuwa na jambo la kumwambia mwenzake.

Sisemi kila kitu kiandikwe upya. Ombi la kuchangia damu, ratiba ya mazishi au tahadhari ya mafuriko ni vyema visambazwe bila kubadilishwa, ili tarehe na namba za simu zisiharibike. Hata hapo, sentensi moja ya mtumaji, kwamba amempigia mwenye tangazo na kuthibitisha, humsaidia mpokeaji kuliko tangazo lenyewe, maana sasa yupo mtu wa kuulizwa. Wala siichukii teknolojia. Wahenga waliposema barua ni nusu ya kuonana hawakujua kwamba siku moja mtu angeweza kurekodi sauti yake na kumfikia ndugu aliye mbali papo hapo, na mimi huuona ujumbe wa sauti, pamoja na kusitasita na kujirudia kwake kote, kuwa bora mara nyingi kuliko picha ya maua yenye salamu za asubuhi.

Ombi langu kwa wanaoongoza makundi ni kwamba waanze kuuliza, kwa upole na bila kumwaibisha mtu: “Hii umeipata kwa nani?” Kwako Mhariri, naomba gazeti liwaeleze wasomaji, kwa picha ikiwezekana, kwamba mshale mmoja juu ya ujumbe wa WhatsApp maana yake ni kuwa aliyekutumia hakuuandika yeye, na mishale miwili maana yake ni kuwa umekwisha kusambazwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Watu wengi niliowauliza huiona mishale hiyo kila siku na hawajui ni ya nini.

Msomaji wenu